Sekunde Arobaini za Mzee Okumu

Kisian, Alhamisi jioni

Achieng' nyara, binti yangu,

Mama yako yuko jikoni anakaanga omena, wale dagaa wetu, ambao anaamini watu wa Kigali hawajawahi kuwaona, na wewe uko kwa jirani unaaga kwa mara ya tatu. Kwa hiyo meza ni yangu peke yangu mpaka jua liingie. Sitakuandikia habari za pasipoti, wala sweta, wala kupiga simu ukishuka Nairobi. Hayo umeshaambiwa mpaka ukaanza kuyarudia kwa sauti ya mama yako, ukanifanya nicheke mahali ambapo sikupaswa kucheka.

Mimi nina jambo moja. Limenikaa kooni miaka mitatu, na leo mchana nimelisema mbele ya watu kule Asembo Bay. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine, maana unajua habari zinavyotembea kwenye ufuo ule.

Siku uliyotusomea barua ya ajira ya Kigali hapa mezani, mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji. Ulisema kazi ni kuhamisha seva za zamani za hospitali ziingie kwenye mfumo mpya bila kuzima kitu ambacho wagonjwa wanakitegemea. Ulifikiri nimetoka kulia kwa furaha. Nililia, ndiyo, lakini haikuwa furaha tupu. Nilijua kazi hiyo uliijifunzia wapi, na nilijua ni jina la nani lililoandikwa juu yake.

Acha nianze kwa Mzee Okumu, kwa sababu bila yeye mimi ningekuwa bado natengeneza friji.

Unamjua akiwa mzee wa Awasi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi nilimjua akiwa mtu wa kwanza kuingiza kompyuta kwenye ghala la samaki la ushirika kule Asembo. Mimi nilikuwa fundi wa vyumba baridi, na kwangu kompyuta ilikuwa kabati lenye feni. Yeye ndiye aliyeandika programu ya vipimo, ile inayosoma joto la kila chumba na kumtumia mlinzi ujumbe wa simu joto likipanda. Hakunificha kitu. Alinikalisha kando yake kwenye kreti ya soda na kunionyesha kila laini ya maagizo. Nikikosea, alikuwa akinigonga kwa kalamu kwenye goti.

Siku hizo Linux, mfumo ulioendesha mashine ile, ulikuwa na utaratibu wake wa kuamka, ule wa init. Mashine ikiwaka inafungua folda yenye skripti, yaani maagizo mafupi, kila skripti na namba yake, inaziita moja moja kama karani wa zahanati. Kumi akimaliza ndipo ishirini aingie. Programu ya vipimo Mzee aliipa tisini na tisa, iwe ya mwisho kabisa. Na juu ya kila skripti aliandika jina lake na sababu ya kuiandika. Nilipoandika yangu ya kwanza bila jina alikasirika.

"Fundi, weka jina. Kesho ikiharibika, ataulizwa nani? Mimi nitakua wapi?"

Katikati ya skripti ile ya tisini na tisa palikuwa na laini moja inayoiamuru mashine ilale sekunde arobaini kabla ya kuendelea. Kando yake alikuwa ameandika kwa Kijaluo, maneno mawili tu: rit matin. Ngoja kidogo. Nilimwona akiiandika, na sikumuuliza kwa nini.

Mzee akastaafu, akarudi kwao Awasi. Baada ya muda ile kompyuta ya zamani ikafa, ushirika ukanunua nyingine, na hiyo mpya ilikuja na systemd, utaratibu mwingine wa kuamsha mashine. Unakumbuka nilivyokuwa siku hizo. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya wiki mbili mjini na cheti nimekitundika juu ya televisheni, mahali palipokuwa na picha ya harusi yetu. Mama yako aliipeleka picha chumbani, na kwa wiki nzima alikuwa akiniita Daktari.

Mfumo mpya ulinipa kiburi. Ule hauiti watu kwa namba. Unawaamsha wengi kwa pamoja, na unamngojesha huyu kwa ajili ya yule pale tu ulipoandikiwa. Usipouandikia, unadhani hakuna haja ya kungoja. Na niseme haki yake, haukuwadharau wa zamani. Ulizisoma skripti za init wenyewe, ukazitengenezea daraja ziweze kuingia. Lakini ulisoma yale maelezo ya juu ya skripti tu. Mzee Okumu hakuandika pale kwamba programu yake inahitaji modemu, kile kifaa cha kushika mtandao wa simu, kwa kuwa kwa hesabu zake skripti yake ilikuwa ya mwisho, na nyingine zote zingekuwa zimeshaamka.

Ningeiacha skripti ilivyo, pengine mambo yangeenda. Mimi nikaifungua nikaanza kusafisha. Nikafuta hiki, nikafupisha kile, mpaka nikafika kwenye sekunde arobaini. Nikacheka, Achieng'. Nilijisemea kwamba huyu mzee alikuwa analaza mashine kama mtoto baada ya uji. Nikaifuta. Mashine ikawa inawaka mara moja, nami nikawa nawaita watu ofisini waje waone, hata akina mama waliokuja kupima samaki.

Awasi ni safari ya asubuhi moja, na namba ya Mzee nilikuwa nayo kwenye simu. Sikupiga. Nilikuwa na cheti.

Jumapili ile stima, huo umeme wetu, ilipotea Asembo na kurudi, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa hapa nyumbani na wageni wa kanisa. Nikafungua simu, nikaingia kwenye seva, nikaona huduma ya vipimo imeandikwa kwa kijani kwamba iko kazini. Nikawaonyesha wageni: "Mnaona hii kijani? Samaki ya Asembo yote iko salama." Mchungaji alitingisha kichwa kwa heshima. Nikaongeza kuku.

Wewe unajua kilichotokea, lakini nataka kukiandika kwa mkono wangu. Stima iliporudi, systemd iliendesha skripti kabla modemu haijashika mtandao. Skripti ikaanzisha programu, ikarudi kusema imemaliza kazi. Programu ikatafuta modemu, haikuipata, ikafa kimya. Na daraja lile lilikuwa linaiangalia skripti tu, halikuwa linaiangalia programu. Kwa hiyo likaandika kijani, na kando yake, kwa maneno ambayo sikuwahi kujisumbua kuyasoma, likaongeza kwamba kilichoanzishwa kimeshaondoka. Yote mawili yaliandikwa pale. Mimi nilisoma rangi.

Kompresa inayopoza chumba cha pili iligoma kuwaka, kama ilivyozoea. Siku zote mlinzi alipata ujumbe, akaenda akaibonyeza, ikawaka. Siku hiyo hakupata ujumbe, akakaa akiamini mambo ni shwari.

Jumatatu asubuhi Mama Roselida alifungua mlango. Wakati huo hakuwa mwenyekiti wa kamati ya ushirika, alikuwa mchuuzi kama wengine, na mle ndani mlikuwa na samaki wake, mbuta wa wiki nzima, akingoja lori. Nilifika nikamkuta amesimama mlangoni, leso ameishika tu mkononi, hata pua hajajifunika kwa uvundo wa samaki walioharibika. Hakunipigia kelele. Aliniuliza, "Fundi, na ile mashine ya kuangalia?"

Na mimi, mbele yake na mbele ya kamati yote iliyokuwa imefika, nikasema skripti ilikuwa ya zamani. Nikasema Mzee Okumu aliiandika vibaya.

Sikupanga kusema hivyo. Yalitoka kama chafya. Lakini chafya haina jina la mtu ndani yake, na ile yangu ilikuwa nalo.

Wiki hiyo wewe ulifunga chuo ukaja nyumbani. Nilikupeleka Asembo unisaidie kwa sababu nilikuwa nimekwama na sikutaka kumwita mtu mwingine aone. Ulikaa kwenye kreti ileile ya soda. Ulisoma kumbukumbu za mashine kuanzia ile Jumapili, ukatafuta nakala ya zamani ya skripti, ukaziweka zote mbili kando kwa kando. Halafu ukauliza kwa upole, kama unavyouliza mambo yako yote, "Baba, hii laini ya rit matin ni wewe ulitoa?"

Nikakufokea. Nilikwambia chuo kimekufundisha kumhoji baba yako. Mlinzi akatoka nje akaenda kuangalia geti ambalo halikuwa na kasoro.

Nisamehe kwa ile sauti, nyara. Si mara ya kwanza kukuharakisha. Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa na kigugumizi, na mimi kila ulipokwama nilikumalizia neno. Nilidhani nakusaidia. Mama yako alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza, anasema, "Mwache, anakuja." Siku moja ulikataa katakata kusema na mimi, ukawa unamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, na wote watatu tuko meza moja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba neno lilikuwa njiani siku zote. Tangu nikusikie ukieleza kazi yako kwenye simu na wale watu wa Kigali, kwa sentensi ndefu zisizokwama, nashukuru kwamba nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja aliyejua kungoja.

Nirudi Asembo. Nilipomaliza kufoka ulisema hutagusa kitu kabla hujajua kwa nini ni arobaini na si thelathini. Mimi nikasema tuweke arobaini twende nyumbani. Ukasema, "Hapana Baba, twende tumuulize mwenyewe." Basi tukaenda Awasi.

Unakumbuka kibanda chake, pale nyuma ya soko. Alikuwa na televisheni imefunguliwa mgongo, ameinamia ndani, na hakuinua kichwa kwa salamu yetu.

"Mzee, kwa nini arobaini?" ulimuuliza. "Kwa nini si thelathini?"

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Alikutazama juu ya ile miwani ya uzi kwa muda mrefu.

"Wewe ndiyo mtu wa kwanza kuniuliza hiyo swali. Thelathini ilikua inakataa. Thelathini na tano, leo inakubali, kesho inakataa. Nilikaa hapo store siku tatu, nazima, nawasha, naangalia saa. Arobaini haijawahi kataa. Stima ikirudi, modemu inatafuta network kwanza. Na mlingoti ya network pia ilikua imezimika, nayo inaamka na mwendo yake."

"Sasa tuko na systemd, Mzee. Hiyo haiendi na namba."

"Hiyo kitu yenu mpya mimi sijui," akasema. "Lakini modemu nayo haijui."

Ulicheka mpaka yeye akacheka, na mkunjo ule wa uso wake nilikuwa sijauona tangu siku za kreti ya soda. Mkaanza kuchorana kwenye katoni ya televisheni, yeye akieleza, wewe ukiandika, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Halafu akanigeukia. "Fundi, nasikia huko Asembo wanasema ni mimi niliharibu samaki ya mama fulani. Ni ukweli?"

Achieng', nilikuwa na nafasi. Kibandani tulikuwa watatu tu. Nikaangalia ile televisheni nikasema, "Watu wanasema mambo mingi, Mzee."

Uliniangalia. Tulipokuwa tunapita mashamba ya mpunga ya Ahero ulisema tu kwamba mwaka huu mpunga umekuja vizuri.

Siku mbili zilizofuata ulifanya kazi ambayo mpaka leo naiona nzuri kuliko yote iliyowahi kufanyika mle ndani. Uliirudisha skripti ya Mzee kama ilivyokuwa, pamoja na maneno yake ya Kijaluo, hukubadilisha hata nukta. Kisha ukaandika faili fupi ya systemd yenye jina lilelile, ili mfumo uache daraja lake na kufuata la kwako. Ndani yake ukaeleza yale ambayo Mzee hakuwa na haja ya kuyaeleza enzi zake. Kwamba modemu lazima itangulie. Kwamba kabla ya kuanza, iulizwe kama imeshika mtandao, na isipojibu iulizwe tena. Kwamba kinachopaswa kuangaliwa ni programu yenyewe, si skripti iliyoizaa. Kwamba ikifa, iinuliwe, na kila ikiamka mlinzi apate ujumbe.

Nilikuuliza kwa nini usiandike yote upya, uachane na ya zamani. Ukanijibu ukiwa umeng'ata kifuniko cha kalamu: "Hii ya zamani inajua Asembo, Baba. Hii mpya inajua tu kompyuta." Nimelibeba jibu hilo miaka mitatu. Kigali utakuta skripti za watu usiowajua, zenye mambo ya ajabu katikati, na wenyewe wengine wameshafariki. Wewe sina cha kukufundisha hapo. Nakushukuru tu kwamba ulinifundisha mimi, ukiwa na miaka ishirini, na hukunifanya nijione mjinga.

Ulipomaliza uliandika juu ya faili, kama Mzee alivyotaka, kwamba skripti ni ya Okumu na kwamba imeunganishwa na mfumo mpya na Achieng'. Tukazima swichi kubwa, tukaiwasha. Tulisimama tukingoja, mlinzi ameshika simu yake kwa mikono miwili. Ujumbe ukaingia. Mlinzi alikupa mkono kama mtu mzima.

Asubuhi ya mkutano wa kamati nilifika kabla ya watu wote. Nilifungua faili yako, nikafuta laini zile mbili za juu, nikaandika jina langu. Nikaichapisha, nikawagawia. Walinipigia makofi. Nikaleta nakala moja nyumbani, nikaisahau hapa mezani, na wewe ukaiona. Uliisoma juu mpaka chini, ukairudisha mahali pake, ukaniuliza kama nataka chai.

Nikasema ndiyo, nataka chai. Hilo ndilo nililoweza kusema.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni dogo kuliko ningependa. Niliogopa. Kama ingejulikana kwamba binti yangu ndiye aliyetengeneza, wangeuliza nani aliyeharibu. Nikajua kuwa jina lako na kosa langu viko kwenye kamba moja, nikikuvuta wewe, na lenyewe linakuja. Nikaikata kamba. Na Mzee Okumu akabaki na kosa lisilo lake, Asembo nzima. Wewe ungeweza kusema wakati wowote. Hukusema kwa mama yako, hukusema kwa Mzee, na kila likizo ulirudi ukaniita Baba kwa sauti ileile. Sijui uliwezaje. Kuna siku nilitamani unitukane.

Leo nimekwenda Asembo. Nilimwomba Mama Roselida, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, anipe nafasi kabla ya mambo mengine ya kamati.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "wale samaki ya ile Jumatatu..."

"Ngoja," akasema, na akaweka kalamu chini. "Sema polepole."

Nikasema polepole. Nilipomaliza aliniuliza maswali matatu.

"Hiyo laini ni wewe ulitoa?"

"Ni mimi."

"Na Mzee Okumu?"

"Hakukosa kitu."

"Na mwenye alikuja kutengeneza hii tunatumia mpaka leo?"

"Ni Achieng'. Peke yake."

Kompresa ilinguruma upande wa pili wa ukuta. Kisha Mama Roselida akasema, taratibu, "Kwa mazishi ya shemeji yangu huyo mzee alininyoshea mkono. Mimi nikaangalia kando, watu wakiona. Samaki nilishasahau, Fundi. Hiyo mkono utanirudishia aje?"

Waliniambia nitoke, nikakaa nje juu ya maboksi ya barafu kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Waliponiita, hawakuwa wameamua kuhusu kazi yangu. Wataamua wiki ijayo, na vyovyote watakavyoamua watakuwa na haki. Lakini Mama Roselida alikuwa amesukuma simu yake katikati ya meza. "Mpigie," akasema. "Weka sauti kubwa, wote wasikie."

Nikampigia Mzee Okumu. Nikamwambia yote. Tulisikia redio kibandani kwake ikipunguzwa sauti.

"Nilijua tangu ile siku mlikuja," akasema. "Mtoto alikua anauliza swali ya mtu hana kitu ya kuficha. Wewe ulikua unaangalia televisheni, na ilikua imezimwa."

"Nisamehe, Mzee."

"Umechukua muda, Fundi."

"Ndiyo, Mzee."

"Umepita arobaini."

Mtu mmoja kwenye kamati alicheka, akajizuia, na Mzee kule upande wa pili akacheka pia, nami nikaanza kulia pale mbele ya watu wazima. Mama Roselida akachukua simu, akazima sauti kubwa, akaenda nayo hadi dirishani. Aliongea naye Kijaluo kwa sauti ya chini, akiwa ametugeuzia mgongo, na alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema tu kwamba Mzee anauliza basi lako linapita Awasi saa ngapi. Nimemwambia. Atakuwa kituoni kesho, na amesema amekuwekea ile katoni mliyoichora. Kaa upande wa kushoto umwone mapema. Mama Roselida naye atatumia lori la samaki kufika huko kabla ya basi lako. Amesema mkono hauombwi msamaha kwa simu.

Kabla sijaondoka niliingia kwenye seva. Nimerudisha laini zako mbili juu ya faili, neno kwa neno, kutoka kwenye nakala niliyokuwa nimeificha. Jina langu nimelitoa pale lilipokuwa. Halafu nikakumbuka Mzee na goti langu na kalamu yake, kwamba kila aliyegusa aandike. Kwa hiyo sasa ziko laini tatu:

Skripti: Okumu, aliyekaa siku tatu na saa.
Kuunganisha na mfumo mpya: Achieng', aliyeuliza kwa nini.
Aliyeiharibu katikati: baba yake.

Mashine haisomi laini hizo, unajua. Inaziruka. Lakini mtu atakayekuja baada yangu, hata kama ni wiki ijayo, atazisoma kwanza kabla ya kugusa kitu.

Jambo la mwisho. Nimeongeza namba yako kwenye orodha ya wanaopata ujumbe, kisha nikazima swichi kubwa nijaribu. Nikaiwasha, nikangoja, sikuharakisha kitu. Ndiyo maana leo saa nane na nusu simu yako ililia ikasema "Asembo imeamka, vipimo viko kazini," na nilipoingia nyumbani ukanikimbilia mlangoni: "Baba, kuna shida Asembo?" Nami nikakujibu rit matin, ukanishangaa.

Jibu lenyewe ni barua hii. Asante kwa chai ile, nyara, na kwa miaka mitatu ya kunyamaza ambayo sikustahili. Erokamano, asante tena. Namba yako usiifute kwenye orodha ukifika huko. Stima ya Asembo inapotea kila mara, kwa hiyo utasikia kutoka kwetu mara nyingi.

Nasikia geti. Unarudi.

Baba